Mume wangu anaamka saa nane usiku kuangalia besiboli

SWALI: Kaka, habari za Moshi. Mume wangu ni dereva wa watalii. Wageni wake fulani wa Marekani walimfundisha besiboli, na tangu hapo haambiwi kitu. Akirudi kutoka mbugani anakaa nyumbani siku tatu au nne, halafu anaondoka tena. Siku hizo chache anaamka saa nane usiku, anaegemeza simu kwenye mto, bando linakwisha, na asubuhi analala hadi saa tano. Mtoto wetu wa miaka tisa anamuona baba akiwa usingizini. Hanywi, hana makuu, ndiyo maana naona vibaya kumgombeza. Nifanyeje? Mama wa watoto wawili, Sakina, Arusha.

JIBU: Dada yangu, pole, na umefanya vizuri kuandika kabla hasira haijakaa. Mchezo huo naupenda sana; hapa kwetu Majengo sote ni watu wa timu ya Chicago Cubs, kuanzia mimi hadi mdogo wa mwisho. Kwa hiyo sitakwambia umnyang'anye simu. Nakwambia mpangieni saa.

Mechi nyingi za Marekani huanza saa moja jioni kwao. Saa moja ya New York ni saa nane usiku ya Sakina, na saa moja ya Los Angeles ni saa kumi na moja alfajiri. Ila kila timu inacheza mechi 162 kabla ya mtoano, karibu kila siku, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba. Ligi yetu ina mechi 30 kwa timu, kwa hiyo wa Simba au Yanga akikosa moja, amekosa kitu. Wa besiboli akilala, kesho kuna nyingine. Mwambie hivyo kwa upole, kwa sababu ni kweli, na mpenzi wa mchezo anaujua ukweli huo.

Jumapili timu nyingi hucheza mchana. Mechi ya saa saba na nusu kule New York, kwenu ni saa mbili na nusu usiku, sahani zimeoshwa na mtoto hajalala. Cubs ndio wanafaa zaidi kwa familia. Uwanja wao, Wrigley Field, haukuwekwa taa mpaka mwaka 1988, na hadi leo wana mechi nyingi za mchana. Ikianza saa saba na dakika ishirini Chicago, huku ni saa tatu na dakika ishirini usiku. Na mchezo haukai tena kama zamani: tangu 2023 mrushaji ana sekunde 15 za kurusha kama hakuna mkimbiaji kwenye vituo, basi mechi huisha kwa saa mbili na nusu na ushei. Mtoto ataangalia zamu tatu za mwanzo kati ya tisa (katika kila zamu timu zote mbili hupiga), kisha kitandani.

Hizo zamu tatu zinatosha, maana kati ya mrusho na mrusho kuna nafasi ya maongezi ambayo mpira wa miguu hauna. Binti yangu wa darasa la sita ndiye mhesabuji wetu. Vidole vya kushoto ni mirusho mibovu, vya kulia ni makosa ya mpigaji. Kidole cha nne cha kushoto kikisimama, anamgeukia mama yake: "Huyu anatembea bure," yaani mpigaji anapewa kituo cha kwanza. Cha tatu cha kulia kikisimama: "Akakae," yaani mpigaji ametoka. Mama yake aliujua mchezo kupitia vidole hivyo, si kupitia kwangu. Mpe mwanao kazi hiyo, uone kama baba yake atabaki na simu peke yake.

Fainali za mwishoni mwa Oktoba muachie. Mwaka 2016 Cubs walikuwa hawajatwaa ubingwa tangu 1908. Mechi ya saba na ya mwisho ya fainali, kule Cleveland, ilianza saa tisa usiku wetu. Sare baada ya zamu tisa, mvua ikawasimamisha dakika 17, wakashinda 8-7 zamu ya kumi. Huku ilikuwa inakaribia saa mbili asubuhi, watoto wako shule, mke wangu kasimama na kikombe cha chai mkononi akiuliza wameshinda au la. Usiku kama huo haupangiwi ratiba.

Na Aprili 15 muwaite watoto. Siku hiyo wachezaji wote huvaa namba 42, ya Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyevunja ubaguzi wa rangi kwenye ligi kuu tarehe hiyo mwaka 1947. Watauliza kwa nini wote wana namba ileile. Waambie pia kwamba mwanawe, David Robinson, alihamia Tanzania na akawa mkulima wa kahawa Mbozi. Sisi wa Kilimanjaro tunaojua kazi ya kuchuma kahawa, habari hiyo inatugusa.

SWALI: Kijana wangu ana miaka 11 na anataka kuanza kurusha. Glavu sijaiona dukani. Baba, Kiboriloni.

JIBU: Usisubiri glavu. Chukua mpira wa tenisi, simameni hatua kumi, mrushiane mikono mitupu. Azoee kudaka kwa mikono miwili mbele ya kifua. Akishika vizuri, rudi nyuma hatua mbili. Mpira halisi wa besiboli ni mgumu, huo usimrushie mpaka glavu ipatikane.