Waliolala uwanjani Eylau

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: mshindi wa pigano hujulikanaje? Nimefundisha historia sekondari kwa miaka mingi, na swali la "nani alishinda?" nimelitunga mara nyingi katika mitihani, alama moja kwa jibu la neno moja. Pigano lililonifanya niliache ni la Eylau, Februari 7 na 8, 1807.

Eylau ulikuwa mji mdogo wa Prussia Mashariki, jimbo la Prussia, ufalme wa Wajerumani. Leo uko Urusi, katika mkoa wa Kaliningrad, na unaitwa Bagrationovsk. Napoleon, Kaizari wa Wafaransa, alikuwa amewavunja Waprussia huko Jena mnamo Oktoba 1806 na kuingia Berlin, lakini mfalme wao alikimbilia mashariki na Warusi wakaja kumsaidia. Jeshi la Urusi liliongozwa na jemadari Bennigsen.

Jioni ya tarehe 7 walipigania mji wenyewe na makaburi ya kanisa lake. Tukumbuke ilikuwa katikati ya majira ya baridi. Atakayeushika mji angelala chini ya paa, atakayeukosa angelala juu ya theluji, na naamini askari wengi walipigana usiku ule kwa ajili ya paa kuliko kwa ajili ya Kaizari. Wafaransa waliupata.

Asubuhi, Marshali Augereau, akiwa mgonjwa wa homa, aliongoza kikosi chake mbele. Dhoruba ya theluji ikawapiga usoni. Hawakuona waendako, wakapotea njia, na theluji ilipopungua wakajikuta mbele ya safu ya mizinga ya Warusi. Walifyekwa. Kikosi kile hakikupata nafuu tena: baadaye kilivunjwa, na waliosalia wakagawanywa katika vikosi vingine. Muda si mrefu askari wa Urusi walifika karibu kabisa na makaburi aliposimama Napoleon, walinzi wake wakawazuia. Ndipo Napoleon akamtuma Murat, jemadari wa farasi wake, na wapanda farasi wapatao 10,000. Walizipasua safu za Warusi, wakapita hadi ng'ambo, wakarudi. Watu hupenda kusimulia mbio zile za farasi, nami sikatai kwamba ziliwaokoa Wafaransa, ila siku haikuishia hapo. Mchana Marshali Davout aliusukuma nyuma ubavu wa kushoto wa Warusi hadi ukakaribia kuanguka, kisha Waprussia wakiongozwa na jemadari wao Lestocq wakafika na kuurudisha mahali pake.

Usiku Bennigsen aliondoa jeshi lake kuelekea mji wa Königsberg. Kwa kipimo cha zamani basi Napoleon ndiye mshindi, maana yeye ndiye aliyebaki uwanjani. Lakini Bennigsen naye aliandika kwamba ameshinda! Na Napoleon, baada ya kukaa Eylau siku chache, alirudi nyuma kwenye kambi za majira ya baridi. Vita havikuamuliwa mpaka pigano la Friedland, Juni 14 mwaka ule ule, na amani ikatiwa sahihi katika mji wa Tilsit mwezi Julai.

Kinachonikera hasa ni hesabu. Taarifa rasmi ya Napoleon kwa Wafaransa ilisema waliouawa upande wake ni 1,900 na waliojeruhiwa 5,700. Wanahistoria wengi hukadiria hasara yake mara mbili ya jumla hiyo, au zaidi. Maelfu ya familia zilisomewa ushindi ambao ndani yake mtoto wao hakuhesabiwa.

Kama mnanilazimisha nimtaje mtu mmoja wa Eylau, nitamtaja Larrey, daktari mpasuaji wa walinzi wa Kaizari. Alifanya kazi ghalani katika baridi kali, akikata viungo vilivyoharibika, na hapakuwa na dawa ya usingizi zama zile. Aliona jambo ambalo madaktari walikuja kulikumbuka baadaye: baridi ile iliufisha ganzi mwili, na majeruhi hawakusikia maumivu kama ilivyotarajiwa. Kanuni yake ilikuwa kuanza na aliyeumia zaidi, bila kutazama cheo.

Mwaka uliofuata mchoraji Gros alionyesha Paris picha yake ya uwanja ule siku moja baada ya pigano. Ina upana wa karibu mita 8, na sasa imo katika jumba la makumbusho la Louvre. Iliagizwa ili kumtukuza Napoleon, naye yumo katikati, juu ya farasi, mkono ameunyoosha kama anayebariki. Lakini Gros aliwaweka maiti mbele kabisa, chini, akawachora wakubwa kuliko binadamu halisi, theluji imewatanda. Mtazamaji akisimama mbele ya picha ile, nyuso zilizo karibu naye ni zao.