Ng'ombe katoka malishoni, gari limeharibika: nani alipe?

SWALI: Ninaishi Somerset, Uingereza. Mwezi uliopita, saa nne usiku, ng'ombe wawili walitokea ghafla barabarani, nikamgonga mmoja. Gari halitengenezeki tena, na mke wangu aliyekaa kando yangu amevunjika mkono. Mfugaji anasema uzio wake ni mzima, wapita njia ndio walioacha lango wazi, kwa hiyo hadaiwi kitu. Bima yangu ni ya mtu wa tatu tu. Tuna haki gani?

JIBU: Poleni sana. Zamani mfugaji huyo angeshinda kirahisi. Katika kesi ya Searle dhidi ya Wallbank, 1947, iliamuliwa kwamba mwenye shamba hakuwa na wajibu wa kuzuia mifugo yake isiingie barabarani. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Wanyama ya 1971 kilifuta kinga hiyo, isipokuwa kwa mwenye haki ya kulisha kwenye maeneo ambayo kwa desturi hayana uzio.

Njia yenu kuu ni madai ya uzembe, na hapo nani aliacha lango wazi si mwisho wa maneno. Mfugaji alijua nini? Kama njia ya umma ya waendao kwa miguu inapita malishoni, na lango limewahi kuachwa wazi, alipaswa kuweka lango linalojifunga lenyewe au kulisha kwingine. Kama hakuna njia ya umma hapo, kwa nini lango linalotazama barabara halikuwa na kufuli? Wakili adai kumbukumbu za ukaguzi wa uzio, na majirani waulizwe kama ng'ombe hao walishawahi kutoka. Jibu la majirani mara nyingi lina uzito kuliko seng'enge mpya.

Njia ya pili ni kifungu cha 2(2) cha sheria hiyo hiyo ya 1971, ambacho hakihitaji uzembe. Mwaka 1996 huko Devon, farasi waliotishwa na kitu kisichojulikana walivunja uzio wakakimbilia barabara kuu. Katika Mirvahedy dhidi ya Henley, 2003, Malodi, yaani majaji wa mahakama ya juu kabisa ya wakati huo, watatu dhidi ya wawili, waliwawajibisha wenye farasi ingawa hawakufanya uzembe: farasi aliyeshikwa na hofu ana tabia ya hatari asiyokuwa nayo siku zote, nao walilijua hilo. Msiweke matumaini yote hapa. Ng'ombe aliyetoka taratibu kupitia lango lililo wazi hana hali hiyo ya pekee. Hata ng'ombe aliyetenganishwa na ndama wake akaruka lango, katika McKenny dhidi ya Foster, 2008, hakumtia mfugaji hatiani, kwa kuwa taharuki yake ilipita kiasi cha kawaida na mfugaji hakuijua.

Madai ya mkeo ni imara kuliko yako. Abiria hakuendesha, na kama wewe una sehemu ya kosa, bima yako ya mtu wa tatu inamhusu yeye pia. Fidia yako inaweza kupunguzwa kwa kadiri ya kosa lako. Kwa maili 60 kwa saa, mwongozo rasmi wa madereva unahesabu mita 73 hadi gari lisimame, kwa hiyo bima ya mfugaji itauliza mwendo wako na kama ulikuwa umewasha taa za chini badala ya taa kamili. Kama una kamera ya dashibodi, hifadhi picha zake leo.

Je, uliripoti? Ukimgonga ng'ombe, farasi, punda, nyumbu, kondoo, nguruwe, mbuzi au mbwa, Sheria ya Usalama Barabarani ya 1988 inakutaka usimame na utoe jina na anwani yako kwa mwenye haki ya kuviuliza. Ikishindikana, ripoti polisi mapema, kabla ya saa 24 kwisha. Omba namba ya ripoti na picha walizopiga. Tafuta hasa picha ya hereni za ng'ombe: herufi UK na tarakimu 12, ambazo zinaonyesha kundi alikotoka, ili mfugaji asije akamkana. Piga picha za lango, bawaba na komeo hata sasa, ukiwa umesimama barabarani, usiingie shambani.

Mwandikie mfugaji barua ukitaka jina la kampuni yake ya bima ya dhima kwa umma. Bima hiyo si ya lazima kisheria, ingawa wafugaji wengi wanayo. Muda wa kufungua kesi ni miaka 3 kwa majeraha na 6 kwa gari peke yake, lakini alama za kwato na nguzo zilizolegea hazingoji hata wiki.