Majadiliano ya mtandaoni: wawili wanazungumza, saba wamenyamaza

SWALI: Nimezoea kuendesha vikundi vya majadiliano vya utafiti wa soko ana kwa ana. Juzi nilifanya cha kwanza kwa video: washiriki 9, saa mbili nzima. Walizungumza wawili, waliobaki waliitikia tu, "Hata mimi naona hivyo." Nirekebishe nini?

JIBU: Anza na idadi. Mezani, mtu akitaka kusema utamwona anavyojisogeza, na mwenzake humpisha. Kwenye video ishara hiyo hupotea, na sauti huchelewa kidogo. Wawili wakianza kwa pamoja, mpole ndiye anayerudi nyuma. Akirudi mara mbili, hajaribu tena. Chukua watu 5 au 6, dakika zisizidi 90. Alika mmoja zaidi, kwa sababu wa kukatikiwa na mtandao hakosekani.

Lakini hata watu 5 humfuata aliyetangulia kusema, na hapa ndipo utafiti wenyewe unapoharibika. Dawa yake ni ya zamani. Mwaka 1941, jijini New York, mwanasosholojia Robert Merton alishirikiana na mwenzake Paul Lazarsfeld katika utafiti ambamo wasikilizaji wa redio walibonyeza kitufe chekundu kwa kilichowachukiza na cha kijani kwa kilichowapendeza, kila mtu kivyake. Sababu waliulizwa baadaye. Nawe fanya hivyo: onyesha tangazo, nyamaza dakika moja, kila mshiriki akuandikie jibu kwa ujumbe unaoonwa na wewe peke yako. Yakishafika yote, fungua mjadala kwa yule aliyetofautiana na wenzake. Usimsomee alichoandika, mwite kwa jina, aeleze mwenyewe. Mtu aliyekwisha kuandika lake haoni haja ya kujificha nyuma ya la mwenzake. Mimi siendeshi tena kikundi cha video bila hatua hii.

Mteja aliyeagiza utafiti akitaka kutazama, atazame, ila washiriki waelezwe mapema kwamba wanatazamwa na kurekodiwa, na waridhie. Maswali yake yakufikie kupitia mtu mmoja tu, la sivyo utaongoza mjadala huku ukisoma ujumbe wa watu watatu.

Vifaa vijaribiwe siku moja kabla.

Na mada ikiwa ya aibu, kama madeni au maradhi, achana na video kabisa. Wape siku tatu za kujibu kwa maandishi, kila mtu kwa wakati wake na kwa jina la kubuni. Ukiwauliza kwa maandishi hayohayo "Ilikuwaje?", watakuandikia mambo ambayo mbele ya kamera wasingeyatamka.