Anasoma vizuri, grafu anairuka

SWALI: Mwalimu, binti yangu wa miaka 14 husoma aya bila kukwama, ila akikuta grafu anairuka. Nimsaidieje?

JIBU: Mama, hata mimi nilikuwa mrukaji. Mwambie asikimbilie pau, yaani zile nguzo za kwenye grafu. Aanze na namba za pembeni. Mchoree pau mbili, 48 na 52, namba za pembeni zianzie 45. Ya pili itaonekana ndefu zaidi ya mara mbili! Zichore upya kuanzia 0, utaona zinakaribia kulingana. Muulize kilichobadilika ni nini. Usimjibie, hata akinuna.

Kisha aandike sentensi moja ya kile grafu inachosema, na nyingine ya kile isichosema. Hapo kwenye ya pili ndipo wanafunzi wangu huanza kutafuna kalamu.