Dola 36 Houston au dola 66 Sacramento? Majibu kwa manesi wapya Marekani

Maswali ya safari hii yanatoka kwa waliomaliza shule ya uuguzi Marekani, au walio njiani kwenda huko, na wanasita kati ya jimbo moja na jingine. Wana sababu ya kusita. Takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani za Mei 2023 zilionyesha kuwa wastani wa mshahara wa nesi aliyesajiliwa (RN) California ulikuwa dola 137,690 kwa mwaka, na South Dakota dola 69,030. Mtihani wa leseni ni uleule wa NCLEX-RN, lakini malipo ni karibu mara mbili.

Nimefaulu mtihani mwezi uliopita. Nina ofa mbili za wodini: Houston dola 36 kwa saa, Sacramento dola 66. Houston nakaa kwa dada yangu bila kulipa kodi ya nyumba. Watu wananiambia pesa ya California yote inaishia kwenye nyumba. Ni kweli?

Tuanze na saa. Nesi wa wodini hufanya zamu tatu za saa 12 kwa wiki, yaani saa 36, ambazo kwa mwaka ni 1,872. Baadhi ya matangazo ya kazi hupiga hesabu kwa saa 2,080, kana kwamba utafanya saa 40 kila wiki. Kwa hesabu hiyo dola 36 zako zinasomeka 74,880, ilhali utakazolipwa ni 67,392. Sacramento kwa saa zilezile ni 123,552.

Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. California inayo, na juu yake inakata bima ya ulemavu ya jimbo. Kwa mtu asiye na ndoa, kwa viwango vya 2024, Houston utabaki na kama dola 55,500 mkononi na Sacramento kama 86,000, kabla ya bima ya afya na akiba ya uzeeni. Pengo ni kama dola 2,500 kwa mwezi. Ukipanga chumba kimoja cha kulala Sacramento kwa dola 1,600, huku Houston ukiendelea kukaa bure kwa dada, bado Sacramento inakuachia kama dola 900 zaidi kila mwezi. Wanaokuambia pesa inaishia kwenye nyumba mara nyingi wanazungumzia kununua nyumba, au familia inayohitaji vyumba vitatu na mtu wa kulea watoto. Kwao wanasema kweli. Kwako wewe, peke yako, hesabu haiko hivyo.

Lakini mshahara ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni idadi ya wagonjwa. California ina sheria, iliyopitishwa 1999 na kuanza kutumika 2004, inayoweka kikomo: wodi ya kawaida ya matibabu na upasuaji nesi mmoja kwa wagonjwa watano, ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) mmoja kwa wawili, usiku na mchana. Texas haina namba kama hiyo kisheria. Hospitali hupanga zenyewe kupitia kamati, na zamu ya usiku nesi anaweza kukabidhiwa wagonjwa sita au saba. Kwa mzoefu, mgonjwa wa sita ni uchovu. Kwa mgeni wa miezi minne, ndiye mgonjwa ambaye shinikizo lake la damu linashuka saa tisa usiku wakati wewe uko chumba kingine unahangaika na mshipa uliogoma kuingiza dripu. Makosa ya dawa ya mwaka wa kwanza hutokea hapo, na leseni inayohojiwa ni yako.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua, zipigie simu wodi zote mbili uulize: mafunzo ya kuanzia kazi ni wiki ngapi? Nitakuwa na nesi mwelekezi mmoja au nitarushwa kwa yeyote aliye zamu? Usiku wa wiki iliyopita kila nesi alikuwa na wagonjwa wangapi? Wiki 12 na kuendelea kwa wodi ya kawaida ni nzuri. Chini ya wiki 8 tusingekubali, hata kwa dola 66. Ofa zote mbili zikiwa na majibu mazuri, nenda Sacramento.

Kitu kimoja zaidi, kwa kuwa hakionekani kwenye barua ya ofa. Hospitali nyingi hukata nusu saa ya chakula moja kwa moja kwenye mfumo wa saa, uwe umekula au hukula. Sheria ya nchi inataka ulipwe ukifanya kazi wakati huo, ila lazima useme, kwa kubonyeza kitufe cha kutokula unapotoka au kwa kujaza fomu. Wageni huona aibu. Zamu 156 kwa mwaka mara nusu saa ni saa 78. Kwa dola 36 hizo ni dola 2,808 ulizofanyia kazi na hukulipwa. California mwajiri asipokupa mapumziko ya chakula unadai saa nzima ya malipo ya ziada kwa siku hiyo.

Hospitali moja hapa Columbus, Ohio, inanipa bonasi ya dola 10,000 nikisaini miaka miwili. Nyingine haina bonasi ila inalipa dola 2 zaidi kwa saa. Nichukue ipi?

Dola 2 mara saa 1,872 mara miaka miwili ni dola 7,488. Bonasi inaonekana kubwa zaidi, basi tuifuatilie mpaka ifike benki. Serikali kuu hushikilia asilimia 22 ya bonasi: dola 2,200. Hifadhi ya jamii na Medicare, asilimia 7.65: dola 765. Jiji la Columbus lina kodi yake ya mapato ya asilimia 2.5, jambo ambalo wageni wengi hulijua siku ya mshahara: dola 250. Umebaki na 6,785, na jimbo la Ohio bado halijachukua lake. Dola 2 za kila saa nazo zinakatwa kodi, hilo halikwepeki, lakini haziwezi kudaiwa zirudi. Tena nyongeza ya mwaka ujao ya asilimia 3 itapigwa juu ya mshahara huo mkubwa, na ukifanya ovataimu inazidishwa kwa moja na nusu.

Bonasi inaweza kudaiwa. Watu huumia hivi: wanaondoka mwezi wa 14 kwa sababu wodi imewashinda, kisha wanatakiwa kurudisha dola 10,000 kamili, ingawa mkononi zilifika chini ya 7,000. Ukiitaka, pata majibu ya mambo haya manne kwa maandishi. Je, deni linapungua kila mwezi unaofanya kazi, au ni lote mpaka siku ya mwisho? Linadaiwa kabla au baada ya makato? Miaka miwili inahesabiwa tangu kuajiriwa, au tangu kumaliza mafunzo? Na wakikuhamishia wodi nyingine au wakikuachisha wenyewe, unadaiwa?

Sisi tungechukua dola 2.

Naishi Moorhead, Minnesota, nina leseni ya hapa. Hospitali ya ng'ambo ya mto, Fargo, inalipa vizuri zaidi. Leseni yangu inafanya kazi huko?

Hapana. North Dakota imo katika mkataba wa leseni ya pamoja ya majimbo, ule ambao kazini wanauita Compact. Minnesota haimo, sawa na California, New York, Oregon na Illinois. Omba leseni ya North Dakota kwa njia ya kuidhinisha uliyonayo. Hurudii mtihani, unalipa ada, unapigwa alama za vidole, unasubiri. Siku ukihamia Fargo kabisa unaweza kuomba ile ya majimbo mengi, lakini tunza na ya Minnesota kama bado unafanya zamu Moorhead. Usianze zamu hata moja kabla leseni haijaonekana kwenye mtandao wa bodi.

Nimekuwa CNA, yaani msaidizi wa nesi mwenye cheti, miaka mitano hapa Lowell, Massachusetts, sasa nimemaliza shahada ya miaka miwili na nina RN. Hospitali za Boston hazijibu. Nyumba ya wazee ninakofanya kazi wananitaka kama nesi, mshahara si mbaya. Nikubali?

Hapa mkoa unaamua mengi kuliko sifa zako. Hospitali kubwa za kufundishia za Boston karibu zote zinataka BSN, yaani shahada ya uuguzi ya miaka minne, na waombaji wenye BSN wamejaa. Cheti chako hichohicho kinafungua mlango katika hospitali za miji midogo, na kwa urahisi zaidi katika majimbo ya kusini na ya katikati. Kwa hiyo ukimya wa Boston usikuvunje moyo.

Shida ya nyumba ya wazee ni saa inayohesabika dhidi yako. Programu za kupokea manesi wapya hospitalini mara nyingi huchukua aliyemaliza shule ndani ya miezi 12, na baadhi zinamkataa mwenye zaidi ya mwaka mmoja wa kazi ya RN. Ukikaa miaka miwili unakuwa katikati: mgeni huitwi tena, na uzoefu wa wodi ya hospitali huna. Pia utakuwa na wakazi 20 au zaidi peke yako, ukigawa dawa tangu unaingia mpaka unatoka.

Tungefanya hivi: kubali kazi hiyo kwa saa chache ili mapato yasikatike. Wiki hiyohiyo jiandikishe masomo ya kutoka RN hadi BSN kwa mtandao, na kwenye wasifu wako uandike mwezi unaotarajia kumaliza. Mifumo inayochuja maombi huitafuta BSN hata ikiwa bado unaisomea. Peleka maombi hospitali za nje ya Boston na vituo vya urekebishaji, na omba zamu ya usiku, maana huko ndiko nafasi zilipo. Mwajiri akikulipia ada, hadi dola 5,250 kwa mwaka hazikatwi kodi.

Nina miezi sita kazini. Rafiki yangu ni nesi wa kusafiri, analipwa maradufu. Nami niende?

Bado. Mikataba hiyo ya wiki 13 hutaka uzoefu wa mwaka mmoja au miwili, na utapewa zamu moja au mbili za kuelekezwa kisha wagonjwa wako. Na sehemu kubwa ya hayo maradufu ni posho ya nyumba na chakula, isiyokatwa kodi kwa sharti kwamba una makazi ya kudumu unayoendelea kuyagharimia. Ukiacha chumba chako na kuzunguka na masanduku, posho yote inakuwa mshahara, na deni la kodi litakufuata.

Niko Eldoret. Wakala ananipeleka Marekani kwa viza ya EB-3, ile ya ukaazi wa kudumu kupitia mwajiri. Mkataba unasema nitapangiwa "jimbo lolote". Ni sawa?

Usisaini hivyo. Kwa viza hiyo mwajiri hupata kutoka Idara ya Kazi kiwango cha mshahara cha eneo maalumu, na hawezi kukulipa chini yake. Kwa hiyo anaujua mji, au atapaswa kuujua. Dai uandikwe mji, mshahara wa saa bila posho, saa za wiki, na kama mwajiri wako ni hospitali yenyewe au wakala. Kisha utafute kiasi unachodaiwa ukivunja mkataba, na tarehe miaka inapoanza kuhesabiwa. Dola 32 Alabama na dola 32 Boston ni maisha mawili tofauti kabisa, na mkataba wa miaka mitatu utakufunga katika mojawapo.