Maswali ya Wasomaji: Ubora na Kasoro za Medea

Wiki hii tunajibu maswali kuhusu Medea, tanzia ya Euripides, mtunzi wa Ugiriki ya kale, ambamo mwanamke aliyeachwa na mumewe Jason mjini Korintho analipiza kisasi kwa kuwaua watoto wao wawili.

Swali: Ni kweli kwamba tamthilia hii ilishindwa?

Ni kweli. Katika mashindano ya mwaka 431 KK mjini Athene, Euphorion alikuwa wa kwanza, Sophocles wa pili, na Euripides wa mwisho. Hata hivyo, kila mtunzi alishindana kwa tamthilia nne, na tatu zilizooneshwa pamoja na Medea zimepotea, kwa hiyo matokeo hayo hayatuambii mengi kuhusu Medea peke yake.

Swali: Mwalimu wetu anasema kuingia kwa mfalme Aegeus ni kasoro ya msuko. Je, ana haki?

Mwalimu wako yuko upande wa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliyelalamika kwamba Aegeus ameletwa pasipo ulazima. Nakiri kwamba mfalme wa Athene kupita Korintho saa ileile Medea anapohitaji mahali pa kukimbilia ni bahati iliyozidi kiasi. Lakini tuangalie kilichompeleka Delphi, mahali pa kuomba ushauri wa miungu, anakotoka: hana mtoto. Kabla hajafika, Medea alipanga kumuua Jason, bibi harusi wake mpya na baba wa bibi harusi huyo, mfalme wa Korintho. Ni baada ya Aegeus kuapa kumpokea na kwenda zake ndipo anapotamka kwamba atawaua watoto na kumwacha Jason hai. Hadhira imekwisha kuona mwanamume asiye na mtoto anavyohangaika, hivyo inaelewa adhabu hiyo kabla haijatekelezwa.

Swali: Jason si mhusika dhaifu?

Ni dhaifu kimaadili tu. Anapodai kwamba Medea amefaidika kwa kuletwa Ugiriki, anazungumza kama wakili hodari, na ndiyo maana anachukiza.

Swali: Kwa nini korasi, kundi la wanawake wanaoimba jukwaani, haiwaokoi watoto?

Hapa ndipo ninapoona udhaifu halisi. Wanawake wa Korintho waliahidi kunyamaza kabla ya kujua mauaji yoyote. Wanapojua kwamba hata mfalme wao atauawa, wanamsihi Medea asiwaue watoto, lakini hawaendi kumwonya mtu. Watoto wanapopiga kelele ndani, wanajiuliza kama waingie, kisha wanabaki nje wakiimba. Ni kweli kwamba kwa kawaida korasi haikuingilia matendo ya wahusika, ila desturi hiyo inaeleza tu kasoro, haiiondoi.

Swali: Je, gari la mungu Jua ambalo Medea anatorokea mwishoni si njia ya mkato?

Aristotle aliona hivyo, kwa kuwa alitaka mwisho utokane na msuko wenyewe. Mimi simfuati. Medea ni mjukuu wa Helios, yaani mungu Jua mwenyewe, naye alijivunia nasaba hiyo mapema. Sasa anatokea juu ya nyumba, mahali hadhira ilipozoea kuwaona miungu, huku Jason akiwa chini akiomba angalau awaguse wanawe, naye anamkatalia. Mwanzoni mwa tamthilia tulimsikia mwanamke huyu akilia ndani ya nyumba hiyohiyo.