Mshale wa joto unarukaruka? Gusisha kwanza waya wa sensa kabla hujanunua dashibodi

Mkuu, umesema mshale wa joto wa pikipiki yako mara unalala C (baridi) mara unaruka juu, na fundi kakwambia ubadili dashibodi nzima. Tafadhali usitoe hela kwanza. Mimi nilitoa, nikafungiwa dashibodi ya mtumba, elfu themanini na tano ikaenda, na nilivyofika tu kwenye rasta za Nkuhungu hapa Dodoma mshale ukaanza kurukaruka vilevile.

Naongelea pikipiki zenye rejeta (zinazopozwa na maji), maana hizi Boxer na TVS za bodaboda nyingi zinapozwa na upepo, geji ya joto hazina. Yangu ni cc 200 ya kabureta, kila wiki naenda nayo Bahi na wakati mwingine napandisha mpaka Manyoni, na mwezi wa kumi na moja kabla mvua haijashuka jua la njia ile mnalijua, sasa kuendesha hivo hujui injini ina joto kiasi gani ni hatari kabisa, hedi (kichwa cha injini) ikishapinda ndo basi tena.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja fundi umeme wa magari, yuko Majengo. Dashibodi hata hakuigusa. Akatafuta sensa, kile kidude cha shaba kilichofungwa kwenye hedi karibu na thamostati (kile kinachofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto), yangu ina waya mmoja tu, akauchomoa, akafungua swichi bila kuwasha injini, mshale ukalala C. Afu akaigusisha ncha ya ule waya kwenye chuma cha injini, mshale ukapanda moja kwa moja mpaka H (moto), akaondoa haraka maana ukiushikilia pale unaweza ukaunguza geji. Akaniambia "kijana wangu, geji nzima, waya mzima, ugonjwa uko huku chini."

Iko hivi: sensa ikiwa baridi inabana umeme, ikipata moto inaachia mwingi upite kwenda ethi (chuma cha pikipiki kinachorudisha umeme kwenye betri), kwa hiyo ukigusisha waya kwenye chuma geji inaona kama injini imechemsha. Ukichomoa waya na mshale bado umeganda H, basi kuna mahali waya umechubuka unagusa bodi, angalia sana pale shingoni ambapo usukani unaukunja kila siku. Ila kama pikipiki yako ni ya injeksheni na sensa ina waya mbili usigusishe chochote, pima sensa yenyewe kwa mita.

Na kupima ndo tukafanya. Injini ikiwa imepoa kabisa (mfuniko wa rejeta usifungue ya moto, yale maji yanaruka usoni) tukaitoa sensa, tukaining'iniza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, shaba ndani ya maji bila kugusa chini, mita kwenye omu (kipimo cha jinsi sensa inavyobana umeme), mguu mmoja kwenye pini mwingine kwenye ile shaba. Maji yakizidi moto namba inatakiwa ishuke taratibu bila kurukaruka. Ukitumia kipimajoto usishangae maji yakichemka kwenye 96 hivi badala ya 100, Dodoma tuko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari. Ndo maana pia mpira wa mfuniko wa rejeta uwe mzima, ule mgandamizo ndo unazuia maji yasichemke mapema.

Sensa yangu ilisoma vizuri kabisa! Tatizo likaonekana kwenye nyuzi zake (ile mikunjo ya kukazia kama ya skrubu), fundi wa mwanzo alipobadili maji alizungushia ile tepu nyeupe ya mabomba, nyingi kweli. Sensa ya waya mmoja inapata ethi kupitia hizo hizo nyuzi, tepu ikawa imezitenga na chuma, pikipiki ikitikisika ethi inashika inaachia. Tukabandua yote, nyuzi tukazisugua kwa brashi ya waya, tukaweka washa mpya ya shaba, na soketi iliyokuwa na kutu ya kijani tukaipiga msasa laini. Gharama haikufika elfu tano.

Kingine, sensa ilikuwa na ukoko mweupe. Maji yetu ya visima yana chumvi, angalia tu birika lako la chai, ule ukoko ukiifunika sensa inachelewa kusikia joto, kwahiyo weka kulanti (maji maalumu ya rejeta), ukikosa weka maji ya betri yale yasiyo na chumvi, narudia sio asidi. Ukishajaza acha mfuniko wazi injini iungurume taratibu huku unabinya mpira wa rejeta mpaka mapovu yaishe, hewa ikibaki kwenye sensa mshale utakudanganya tena.

Sasa hivi mshale wangu unapanda taratibu, unakaa katikati, kwenye foleni ya mjini unasogea juu kidogo feni inawaka unarudi.

Kwako anza na ule waya. Ukiugusisha kwenye chuma na mshale haunyanyuki kabisa, angalia fyuzi, fuata waya mpaka juu uone kama umekatika, kote kukiwa kuzima ndo hapo dashibodi ifunguliwe.